MASHINI ZIMEFIKA SKULINI: MTU WAKE YUKO WAPI?

(Hotuba ya Kamati ya Elimu ya tawi letu, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Changamwe. Wanachama waliokuwa zamu ya usiku wameomba ichapishwe hapa yote.)



Wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na ndugu zetu wa Likoni wana feri ya kurudia nyumbani. Kwa hivyo tutasema yaliyo ya lazima.

Tumeombwa tuseme juu ya elimu ya watoto wetu katika siku hizi za vishikwambi, kompyuta na simu zinazojibu maswali. Tulipotangaza jambo hili baadhi ya wanachama waliuliza: "Chama cha wafanya kazi kina haja gani na mambo ya skuli? Si tuseme mishahara?" Ndugu, mshahara tunaoupigania haukai nyumbani. Unapita mlangoni na kwenda kulipa sare, vitabu, chakula cha mchana na michango. Mtu anayelipa ana haki ya kuuliza analipia nini. Tena, mwalimu na mkutubi, yaani mtu wa maktaba, ni wafanya kazi kama sisi. Wakidhulumiwa wao, watoto wetu ndio watakaoona matokeo ya kwanza.

HABARI YA CHUMBA KIMOJA

Tuanze na habari tunayoijua wenyewe. Iko skuli moja ya msingi huku bara. Hatuitaji jina, maana haja yetu si kumwaibisha mtu. Skuli hiyo ilipata vishikwambi kutoka serikalini kama skuli nyingine. Vilipofika tulifurahi, wazazi tukaitwa, picha zikapigwa. Kisha vikatiwa katika chumba chenye mlango wa chuma, dirisha likapigwa nondo, na mlinzi wa skuli, ambaye ni mwenzetu, akaambiwa: "Kikipotea kimoja, utalipa wewe." Kwa muda mrefu kazi ya vyombo vile ilikuwa ni kulindwa tu. Kando yake yalikuwako makabati mawili ya vitabu vya hadithi, na vitabu hivyo navyo vikafungiwa mle mle.

Akaja mwalimu mmoja mwanamke. Hakuajiriwa kuwa mkutubi. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na watoto wake walikuwa wengi kupita kiasi. Alimwendea mwalimu mkuu akaomba ufunguo. Akafungua daftari: nani amechukua nini, amechukua lini, amerudisha katika hali gani. Chumba kikawa wazi saa ya chakula cha mchana, na tena saa moja baada ya masomo. Akawajua watoto mmoja mmoja: huyu hupenda habari za meli, huyu haoni vizuri ubaoni, huyu hujifanya anasoma kumbe anakisia kwa kutazama picha.

Mwenzetu mmoja, dereva wa trela, alikuwa na mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma sentensi moja hadi mwisho. Mwalimu yule hakumpa kishikwambi kwanza. Alikaa naye, akamsikiliza, akatambua kwamba mtoto anaona haya mbele ya wenzake na kwamba silabi fulani zinamchanganya. Akampa kitabu chembamba akamsomee mdogo wake nyumbani, mahali ambapo hakuna wa kumcheka. Baadaye ndipo alipompa kishikwambi chenye sauti, asikilize huku akifuata maneno kwa kidole. Mwaka ulipokwisha mtoto yule alikuwa akimsomea baba yake barua zinazotoka kazini.

Baada ya miaka miwili mwalimu akahamishwa. Vishikwambi vilibaki, idadi ile ile. Stima ilibaki. Makabati yalibaki. Ufunguo ukarudi ofisini, na kufuli likarudi mlangoni.

Ndugu, neno letu la leo liko katika habari hiyo. Kama mashini ndiyo iliyokuwa ikifundisha, mbona iliacha kufundisha siku ile mtu alipoondoka?

SISI TWAIJUA MASHINI

Mtu asiseme kwamba twaogopa mambo mapya. Wengi wetu twala kwa mashini. Wazee wetu walibeba magunia mgongoni gatini. Leo kontena zima hunyanyuliwa na kreni kwa dakika chache. Mwaka 2016 gati mpya za makontena zilianza kazi hapa Kipevu, na mwaka 2017 reli mpya ikaanza safari zake kutoka Miritini. Wa Changamwe tumeona pia kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963, kikiacha kusafisha mwaka 2013. Kwa hivyo twajua kwamba mashini huja, na kazi nyingine huondoka.

Ndiyo maana hatuulizi kama mashini ni njema au mbaya. Mfanya kazi huuliza: Nani ataiendesha? Nani atafundishwa? Nani atalipwa, na kiasi gani? Ikiharibika nani ataitengeneza? Faida yake itakwenda kwa nani? Hapa bandarini hatujaona tajiri akinunua kreni kisha akasahau kumtafuta mtu wa kuipanda. Skulini jambo hilo limefanyika mara nyingi, na watu wamepiga makofi.

AHADI YA 2013 NA YALIYOFUATA

Mwaka 2013, wakati wa uchaguzi, tuliahidiwa kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika skuli ya serikali atapata kompyuta yake. Zabuni ya kwanza iliingia katika mashtaka ikafutwa. Mpango ukabadilishwa, na mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kufika skulini. Katika miaka iliyofuata zaidi ya vyombo milioni moja vilipelekwa katika skuli za msingi zaidi ya 20,000 nchini Kenya. Hiyo si kazi ndogo, na haifai kuidharau. Skuli nyingi ziliunganishwa na stima kwa sababu ya mpango huo.

Lakini itazameni orodha ya vitu vilivyopelekwa. Kila skuli ilipata vishikwambi vya watoto, kompyuta mbili za walimu, chombo cha kuhifadhi masomo na kuyasambaza darasani bila waya, na mashini ya kuonyesha picha ukutani. Walimu wengi waliitwa kufundishwa namna ya kuvitumia, hilo ni kweli. Lakini baada ya mafunzo walirudi kwenye vipindi vile vile na madarasa yale yale yaliyojaa. Katika orodha ile hapakuwa na mtu hata mmoja wa kukaa na vyombo hivyo kila siku. Mkutubi hakutajwa.

Kisha ikaja Machi 2020. Skuli zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi Januari 2021. Serikali ilitoa masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Wakati ule ndipo tulipoijua nguvu ya mashini, na mwisho wa nguvu hiyo. Nyumba nyingi za Likoni na Kisauni zilikuwa na simu moja ya intaneti, na simu hiyo ilikuwa mfukoni mwa baba aliyekuwa kazini, au haikuwa na bando. Hata penye redio, mtoto alimsikia mwalimu lakini mwalimu hakumsikia mtoto. Mtoto akikosea hakuna aliyejua. Akisinzia hakuna aliyemwamsha. Wengi wetu tulijaribu kushika nafasi ya mwalimu jioni baada ya kazi, na kwa wiki moja tu tukajua kwamba ile ni kazi yenye ujuzi wake, si jambo la mtu kuokota.

HESABU YA KISUMU

Huenda mtu akasema kwamba hizi ni hadithi tu. Basi tutoe hesabu.

Mwaka 2013 lilifanyika jaribio katika skuli za msingi za kaunti ya Kisumu, ili kuona namna bora ya kutumia vyombo hivi katika kufundisha watoto wadogo kusoma. Skuli ziligawanywa. Katika kundi la kwanza kishikwambi alipewa mshauri wa walimu, yule afisa anayezunguka skuli hadi skuli, anakaa darasani, anatazama, kisha anazungumza na mwalimu. Katika kundi la pili alipewa mwalimu. Katika kundi la tatu kila mtoto alipewa chombo chake cha kusomea. Lilikuwako na kundi la nne ambalo halikuguswa, ili kulinganisha.

Makundi yote matatu yaliendelea kuliko lile ambalo halikuguswa. Lakini kumpa kila mtoto chombo hakukuleta faida kubwa kuliko kumpa mshauri mmoja anayewatembelea walimu, na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi sana. Kwa maneno ya sokoni, shilingi iliyotumika kumsaidia mtu amsaidie mwalimu ilinunua kusoma kwingi kuliko shilingi iliyotumika kununua chombo.

Matokeo ya majaribio ya aina hiyo yaliingia katika mpango wa Tusome, ulioenezwa nchi nzima tangu mwaka 2015. Chini yake mtoto alipata kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza, mwalimu akapata kitabu cha kumwongoza, na vishikwambi wakapewa maafisa wa kuwatembelea walimu. Watoto wengi walisoma vizuri zaidi kuliko waliowatangulia. Mashini ilikuwamo, lakini iliwekwa mahali pake, mkononi mwa mtu anayewasaidia watu.

Nchi nyingine zimeona hayo hayo. Peru, Amerika ya Kusini, waligawa kompyuta kwa watoto wa skuli nyingi za mashambani. Mwaka 2012 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wao: kompyuta zilifika, watoto walizitumia, lakini haikuonekana kwamba walipita wenzao katika hesabu wala katika lugha. Na mwaka 2023 shirika la UNESCO lilitoa ripoti kubwa juu ya jambo hili, likazionya nchi kwamba vyombo visaidie mafundisho, visichukue nafasi ya uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi.

MKUTUBI HUFANYA KAZI GANI?

Mwalimu twamjua. Lakini mkutubi wengi wetu hatumjui, kwa sababu katika skuli nyingi za watoto wetu hayupo. Watu hudhani ni mtu wa kupangusa vumbi na kusema "Nyamazeni!"

Ndugu makarani wa bandari watatuelewa upesi. Meli inaweza kuleta makontena elfu, lakini kama hakuna mtu anayejua lipi liko wapi, lina nini na ni la nani, huo si mzigo tena, ni lundo la vyuma. Vitabu ni vivyo hivyo, na intaneti ni zaidi. Kazi ya mkutubi ni kujua kilichomo, kujua anayekitaka, na kuwakutanisha. Mtoto haji kuomba kitabu kwa nambari yake. Huja akasema, "Nataka kile cha samaki," au husimama mlangoni asiseme lolote. Mkutubi mzuri hujua maana ya kusimama kule.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Zamani za ukoloni maktaba kubwa ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, kwa miaka mingi iliwahusu Wazungu tu. Mwaka 1948 ilianzishwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, nayo ikawapelekea Waafrika masanduku ya vitabu mahali palipokuwa hapana maktaba. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka Huduma ya Maktaba za Taifa. Na mwaka 1996 Huduma hiyo ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa watu wanaohama na mifugo yao.

Tazameni jambo lililo sawa katika mipango hiyo. Sanduku lilihitaji mtu wa kulishika na kuligawa. Ngamia huenda na wafanya kazi wa maktaba. Kazi yake ni kubeba, na akifika watu ndio hutandika mkeka, hupanga vitabu na kukaa na watoto. Kishikwambi ni ngamia mwenye mbio zaidi. Nacho pia chataka mtu wa kufuatana nacho.

Huku bara kwetu shida ni kubwa kuliko mjini. Maktaba ya umma ya Mombasa iko Kisiwani. Mtoto wa Likoni hana budi avuke feri; bahati njema atembeaye kwa miguu halipi nauli ya feri, lakini safari ni safari na msongamano ni msongamano. Wa Kisauni apite daraja la Nyali, wa Changamwe apite Makupa. Basi mtoto wetu asipopata mkutubi skulini, au karibu na nyumbani, mara nyingi hampati kabisa.

SIMU INAYOJIBU

Sasa limekuja jambo jipya. Tangu mwisho wa mwaka 2022 watu wengi wanatumia akili bandia. Mtoto huandika swali katika simu, na jibu hutoka mara moja kwa lugha safi. Wazazi wengine wasema: "Basi, mwalimu na mkutubi wa nini tena?"

Tunajibu hivi. Mashini hiyo hujibu kwa sauti ile ile ikiwa inasema kweli na ikiwa inakosea. Haioni haya wala haikuniki uso. Mtoto asiyejua jambo hawezi kutambua mahali ilipokosea, angelitambua, asingeuliza. Anahitaji mtu wa kumfundisha kuuliza: Nani amesema haya? Amesema lini? Amejuaje? Yupo mwingine aliyesema vingine? Hayo ndiyo mafunzo ya mkutubi tangu zamani, kabla ya mashini hizi kuzaliwa.

Na sisi wa vyama tusilione jambo hilo kuwa dogo. Twajua uvumi unavyoweza kuvunja mgomo. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, walikutana katika uwanja wao walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Pale mtu alisikia habari kwa wenziwe, akamwona machoni anayesema, akaweza kumwuliza. Leo uvumi huingia kwa simu, una picha na sauti, na haujulikani umetoka kwa nani. Mtoto asiyejifunza kupima habari leo, kesho atakuwa mfanya kazi anayechezewa kwa habari.

Yako na mengine ambayo chama lazima kiyaseme. Hiyo mashini yenyewe haikujifundisha peke yake. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilitoa habari kwamba wafanya kazi wa hapa Kenya, huko Nairobi, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maneno machafu na ya kutisha, ili mashini ifundishwe kuyaepuka. Na tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu ya Wafanya Kazi, watu zaidi ya 150 wanaofanya kazi za namna hiyo kwa makampuni ya mitandao walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Kwa hivyo mtu akiwaambia kwamba mashini imeondoa haja ya watu, mwulizeni ni watu gani walioifundisha, na walilipwa nini.

MASHINI YENYE FAIDA YA KWELI

Tusije tukadhaniwa kwamba hatuoni mema yake. Likoni ipo skuli ya watoto wasioona. Kwa mtoto asiyeona, mashini inayosoma maandishi kwa sauti ni kama mlango uliofunguliwa ukutani. Kitabu ambacho zamani kingehitaji mabuku mazito ya maandishi ya nukta, sasa chaweza kusikilizwa katika chombo kidogo.

Hata hivyo, mtoto asiyeona hajifunzi nukta zile kwa kuambiwa tu. Mtu hukishika kidole chake, akakiweka mahali pake, akasema, "Hii ni a. Rudia." Mashini inakuja baadaye, na inakuja na faida kubwa, kwa sababu kidole kilikwisha shikwa. Palipo na mtu, mashini huongeza. Pasipo na mtu, hata iliyo ya ghali sana hukaa bure.

NENO LA WENYE KUPINGA

Ni haki tuseme na hoja ya upande wa pili. Mwaka 2009 kampuni moja ya skuli za kulipia ilifungua skuli yake ya kwanza Nairobi, kisha ikafungua nyingine nyingi nchini. Walimu wake walipewa vishikwambi vyenye somo lililokwisha kuandikwa, nao wakalifuata neno kwa neno. Vyama vya walimu viliipinga. Lakini mwaka 2022 wataalamu, mmoja wao Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, walitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto wa skuli zile hapa Kenya waliwapita wenzao katika masomo.

Hatulifichi hilo, maana chama kinachoficha hesabu kitashindwa mezani. Walakini litazameni vizuri. Hata kule, mtu hakuondolewa. Mwalimu alisimama darasani kwa saa nyingi, akafuatwa na kusimamiwa kila mara. Mwongozo mzuri si dhambi. Nahodha ana ramani yake na karani ana orodha yake. Ubaya huanza pale tajiri anaposema: "Kwa kuwa una mwongozo, wewe si fundi tena, basi nitakulipa kidogo." Hapo ndipo chama kisimame. Ramani haimfanyi nahodha kuwa baharia wa kwanza.

MASHARTI YA KAZI NI SEHEMU YA ELIMU

Walimu wa nchi hii walijiunga katika chama chao, KNUT, mwaka 1957, na Tume ya Kuajiri Walimu iliwekwa mwaka 1967. Lakini mapambano hayajaisha. Mwaka 2023 skuli za sekondari ya chini zilipoanzishwa, maelfu ya walimu waliosomea kazi waliajiriwa kama wanaojifunza kazi, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba mpango ule haukuwa halali. Mei 2024 wakagoma, na Januari 2025 zaidi ya 40,000 wakathibitishwa kazini. Hivyo umoja una kazi yake.

Mtu anayelipwa posho, asiyejua kama mwakani atakuwapo, atamjuaje mtoto kwa jina? Atafunguaje daftari la vitabu akijua kwamba huenda asiwepo kulifunga? Mwalimu wa chumba kile tuliyemtaja alifanya kazi ya ukutubi bure, juu ya kazi yake. Tunamshukuru. Lakini elimu ya watoto wa bara haiwezi kusimama juu ya wema wa mtu mmoja anayeweza kuhamishwa kesho. Kazi ya lazima iwe na mtu wake, na mtu awe na mshahara wake.

TUFANYE NINI?

Kamati yenu inaleta mambo matano, na tunaomba mkutano uyapitishe.

Kwanza. Kila mwanachama mwenye mtoto skulini akaulize kwa adabu: vishikwambi viko wapi, vitabu viko wapi, ufunguo unao nani, na chumba hufunguliwa saa ngapi? Kuuliza si ujinga. Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi, bila ya kutaja watu kwa ubaya.

Pili. Wanachama wasimame katika uchaguzi wa vyama vya wazazi na bodi za skuli. Tumezoea kulalamika nje ya lango. Sasa tuingie ndani. Na mlinzi asibebeshwe peke yake hasara ya vyombo vya umma. Hilo tutalishughulikia kama jambo la kazi.

Tatu. Katiba ya 2010 imeziweka maktaba mikononi mwa kaunti, na sheria yataka wananchi wasikilizwe kabla ya bajeti kupitishwa. Tawi lipeleke watu wa Likoni, wa Kisauni na wa Changamwe kudai vyumba vya kusomea huku bara, vyenye wakutubi walioajiriwa. Tusikubali jengo bila mtu. Ahadi ya kompyuta ikitolewa, swali letu la kwanza liwe: "Na mtu wake je?"

Nne. Tuwaunge mkono walimu na wafanya kazi wa maktaba wanapodai masharti mema, hata kama mgomo wao unatusumbua kwa siku chache. Sisi pia tukigoma huwasumbua wengine.

Tano. Tuanze na tunachokiweza. Hapa ofisini pana chumba cha nyuma chenye meza na taa. Mwenzetu mmoja aliyestaafu ukarani yu tayari kukaa hapo jioni tatu kwa wiki. Kila mwanachama alete kitabu kimoja, na tawi litoe simu moja ya intaneti ya kutumiwa mezani, mbele ya mzee huyo. Haitakuwa maktaba kubwa. Lakini mtoto akiingia atamkuta mtu, na mtu huyo atamwuliza jina lake.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Mwalimu yule wa chumba yuko skuli nyingine sasa, na twasikia huko nako ameomba ufunguo. Huku kwetu chumba bado kimefungwa. Twaomba mkutano huu usivunjike kabla ya kuchagua watu watatu wa kwenda Jumatatu kumwona mwalimu mkuu.

Umoja ni nguvu.

(Baada ya hotuba wanachama walijadiliana, mambo yote matano yakapitishwa, na watu watatu wakachaguliwa, mmoja kutoka Likoni, mmoja Kisauni na mmoja Changamwe. Vitabu vinapokelewa ofisini kila siku baada ya saa kumi jioni.)